Homa kushuka si kupona

Siku ya tano sista alinivalisha kile kidude cha kidoleni, kikasoma 95. Akapima joto, 36.8. Akaandika. "Uko sawa, enda nyumbani." Nimonia imeisha, bana! Nikapanda mat nikiwa na furaha.

Sasa, kwetu ni ghorofa ya nne na lifti haijawahi kuwako. Kufika ya pili nikakaa chini kwa ngazi, mfuko wa dawa mapajani, nahema kama nimekimbizwa na kanjo. Mtoto wa jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Wasee, hiyo ndiyo shida yangu na neno "umepona". Kile kidude na kipimajoto si vya bure, vinaonyesha hatari imepita, kitanda kinaweza kupewa mwingine. Poa. Lakini hakuna aliyeniuliza kama naweza kupanda ngazi, kama nalala, kama kikohozi kinaniamsha usiku.

Na si eti haiwezekani kuuliza. Watafiti walishatengeneza fomu ya nimonia inaitwa CAP-Sym: dalili 18, na kwa kila moja mgonjwa anasema imemsumbua kiasi gani kwa saa 24 zilizopita. Basi. Karatasi na biro.

Uingereza nao, mwongozo wa NICE wa 2014 uliwataka madaktari wamwambie mgonjwa kalenda yenyewe. Tangu uanze dawa, wiki moja homa iwe imeisha. Wiki nne, maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana. Wiki sita, kikohozi na kuhema. Miezi mitatu, dalili nyingi zimeisha ila uchovu unaweza kubaki. Wengi hurudi kawaida kabisa ndani ya miezi sita.

Miezi sita! Mimi barua yangu ilisema mapumziko siku saba.

Wiki ya tatu nilikuwa na CAT. Mhadhiri akaangalia barua, akaniangalia. "Si ulipona?" Nami sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi nilidhani nimepona na ni uvivu tu umenishika. Nyumbani pia walianza kusema nimezoea kitanda. Sisemi nimonia ndiyo ilinitoa kampasi, karo nayo ilikuwa na maneno yake. Lakini ile semista niliipoteza nikijiona mzembe, na kumbe mapafu yalikuwa bado kazini.

Najua wadi zimejaa na sista ni mmoja kwa wagonjwa wengi. Ndiyo maana naomba kitu kidogo: hiyo kalenda iandikwe nyuma ya karatasi ya kuruhusiwa. Mistari mitano. Mwajiri aione, mwalimu aione, mama aione.

Kabla hiyo ifike, jipime mwenyewe. Kila jioni andika kwa simu: kikohozi, usingizi, ngazi zile zile, toa alama sufuri hadi tano. Zikishuka polepole, tulia. Homa ikirudi au pumzi ikizidi kuwa fupi, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje wiki sita eti kalenda imesema. Na dawa umalize hata kama homa iliisha siku ya tatu, tafadhali.

Zangu bado ziko kwa simu. Siku ya 9, ngazi: tano. Siku ya 30, ngazi: tatu, nimesimama mara moja. Siku ya 52: sufuri, na nilikuwa nimebeba mtungi wa maji.