Mkanda Ukikatika Njiani, Nani Fundi?

Wanachuo wengi wanaosifia pikipiki za umeme husifia mambo matatu: hazipigi kelele, hazili mafuta, hazitoi moshi. Mimi naendesha moja, nakubali yote. Ila muulize bodaboda kama yuko tayari kuinunua, naye atakurudishia swali: ikinizimikia njiani, nani ataitengeneza?

Kwa pikipiki ya petroli jibu liko wazi. Cheni ikikatika, fundi wa kijiweni anatoa pingili mbovu, anaunga, unalipa, unaondoka. Baadhi ya pikipiki za umeme, yangu ikiwemo, hazina cheni. Zina mkanda wenye meno. Mkanda hautaki grisi na hauna kelele, lakini hauungwi. Ukikatika, unafunga mpya.

Wangu ulikatika mbali na mjini. Mkanda wa akiba nilikuwa nao. Nikampigia aliyeniuzia, akasema nisiiguse, niipakie nimpelekee, la sivyo waranti imekufa. Fundi wa jirani akaitazama, akarudisha spana mfukoni: "Hiyo ya umeme, mdogo wangu, mimi siigusi."

Hapo ndipo penye tatizo. Mkanda si umeme! Kufungua betri bila mafunzo ni hatari kweli, na hilo silibishi. Lakini mkanda ni gurudumu, nati na spana, vitu ambavyo fundi yule ameshika maisha yake yote. Nilipomwelewesha, tuliifanya pamoja.

Kwanza unazima na kutoa ufunguo. Hii si hiari, kwa sababu mota ya umeme haingurumi: mtu akigusa kishikio cha mafuta huku vidole vyako viko kwenye meno, utajua imewaka ukiwa umeshaumia. Kisha unainua gurudumu la nyuma, unalegeza nati ya ekseli, unalegeza skrubu za kurekebishia pande zote mbili kwa mizunguko iliyo sawa, unasukuma gurudumu mbele. Mkanda mpya unaupitisha kwenye gia ndogo ya mota, halafu kwenye kubwa ya nyuma. Usiulazimishe kwa bisibisi na usiukunje, maana nyuzi za ndani zikivunjika hauna maisha tena. Ukishaukaza, zungusha gurudumu kwa mkono uone kama mkanda unakimbilia upande mmoja. Basi.

Sasa mimi nasomea ualimu, na nilichokiona pale ni suala la elimu. Fundi hakukosa uwezo; alikosa mtu wa kumwambia wapi pa kugusa na wapi pa kuacha. Muuzaji anayeficha mpaka huo nyuma ya waranti anamfanya fundi mwoga na dereva tegemezi. Kwa bodaboda mwenye mkopo, siku moja ya kusubiri gari la kubeba pikipiki ni siku ya marejesho bila mapato.

Kwa hiyo wauzaji watoe mkanda wa akiba, spana zake na maelekezo ya Kiswahili, na waranti isife kwa kazi ya kawaida kama hii. VETA iwape mafundi wa vijiweni kozi fupi za jioni, wasilazimike kufunga kazi ili wasome. Na sisi wa ualimu na wenzetu wa uhandisi tuna Jumamosi ngapi zinapita bure? Tukiwafuata vijiweni na pikipiki moja na mkanda mmoja, somo linaanza.