Harufu kali si usafi: dawa ipi ioshe sanduku la chatu?

Mavuno yakishaingia ghalani, Kanda ya Ziwa inaingia msimu wa ngoma. Kuanzia Juni, kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, na vijijini baada ya hapo, watu hukusanyika kuwaona Wagika na Wagalu wakishindana, na hakuna kinachovuta umati kama mchezaji aliyejizungushia chatu shingoni. Ngoma inaisha jioni. Chatu anarudi sandukuni, anaishi humo mwaka mzima, na sanduku hilo ni lazima lioshwe.

Mchezaji mmoja alituandikia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi: kila akiosha sanduku vizuri, nyoka wake anakataa kula na anahema mdomo wazi. Tukamuuliza anaosha kwa kitu gani. Akajibu: dawa ya choo, ile nyeusi.

Wengi wetu tungefanya hivyohivyo. Kwetu, mahali pasiponuka dawa tunapaona hapajaoshwa. Lakini dawa nyingi zenye harufu ya lami, na zile za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia kwenye maji, zina kemikali za jamii ya fenoli. Kwenye lebo tafuta maneno phenol, cresol au chloroxylenol. Kemikali hizo ni sumu kwa nyoka, na paka nao huwadhuru. Nyoka analala tumbo chini saa zote, kwa hiyo ngozi yake haiachani na sakafu uliyoipaka dawa, na mvuke uliofungiwa sandukuni anauvuta usiku kucha. Binadamu akichoka harufu anafungua dirisha. Yeye hana dirisha.

Kitu kinachofaa kipo duka la jirani: jiki ya kawaida, isiyotiwa manukato. Tatizo ni namna tunavyoitumia. Mtu anaimimina juu ya kinyesi akidhani inasafisha. Jiki haisafishi, inaua vijidudu, na ikikuta uchafu nguvu yake inaishia hapo hapo, huku mvuke ukikuchoma macho. Kwanza mhamishe nyoka akae mbali, kwenye chombo kingine kikavu. Zoa uchafu, sugua kwa sabuni na maji, suuza. Hapo ndipo uchanganye kikombe 1 cha jiki na vikombe 9 vya maji, upake, uache dakika 10 pakiwa pamelowa. Suuza tena kwa maji mengi na uanike juani. Ukiinamisha pua ukasikia bado inanuka, nyoka asirudi. Mchanganyiko wa jana umwage, maana umeshapoteza nguvu. Na usithubutu kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia, kwani hewa inayotoka inaweza kukuua wewe kabla ya nyoka.

Sanduku la mbao lina kasoro yake. Mbao inakunywa dawa na huwezi kuisuuza ikatoka yote. Beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko unaofungika na matundu ya hewa ni bora zaidi, hata kama halipendezi mbele ya watalii.

Jiki pia ina mpaka wake. Kuna kijidudu kinachoitwa kriptosporidio, kinachofanya nyoka atapike chakula na avimbe katikati ya mwili, nacho hakifi kwa jiki. Hapo msaada ni maji yanayochemka, kukausha kabisa, na kumtenga mgonjwa kwa vyombo vyake mwenyewe. Anayehema mdomo wazi naye anaweza kuwa na ugonjwa wa mapafu, si sumu ya dawa tu, kwa hiyo daktari wa mifugo amwone.

Lipo la nyumbani pia. Nyoka mzima kabisa anaweza kubeba salmonela tumboni bila kuugua, na mtoto chini ya miaka 5 akiipata anaharisha vibaya. Beseni la kuoshea vyombo vya nyoka lisiingie jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika.

Mijadala yetu kuhusu nyoka wa ngoma huishia kwenye kibali, na ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumfuga mnyamapori bila kibali. Ila kibali hakioshi sanduku. Nadhani maofisa wanaokutana na vikundi vya ngoma wangeweza kutumia dakika tano kuzungumzia hilo, maana chatu akifa kikundi kinakwenda porini kutafuta mwingine.

Yule mchezaji alituandikia tena wiki iliyopita. Sanduku la mbao sasa anawekea njuga na mavazi ya ngoma, chatu amehamia kwenye beseni. Hajala bado, lakini mdomo ameufunga.