Neno la Mhariri: Kitabu cha Kijana na Hukumu ya Msomaji

Kitabu cha vijana ni kile ambacho mhusika wake mkuu yuko njiani kutoka utotoni kwenda utu uzima, na msomaji wake yumo katika njia hiyohiyo. Mada zake zinafanana karibu kila nchi: mwili unaobadilika, mapenzi ya kwanza, ugomvi na wazazi, aibu, na swali la mtu kujitambua mbele ya jamaa zake. Miaka ya karibuni imeongezeka mada nyingine, nayo ni maisha ya vijana wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, au ambao hawajioni sawasawa katika kundi la wanaume wala la wanawake. Toleo hili linahusu maoni ya wasomaji juu ya vitabu hivyo. Hoja yake ni moja: maoni juu ya kitabu hupata uzito kwa kusoma, na kijana wa Kitanzania anastahili kuandikiwa mambo haya kwa Kiswahili, kwa ukweli na kwa huruma.

Katika uwanda wa Makonde na nchi iliyo chini yake, kutoka Masasi kupitia Chiungutwa hadi Newala, vijana walikuwa na shule ya mambo ya mwili na mapenzi kabla ya kitabu kufika. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliwapeleka watoto wao jandoni na unyagoni, ambako makungwi waliwafundisha kwa nyimbo, mafumbo na ngoma. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipoanzishwa Masasi mwaka 1876, iliikuta shule hiyo ikiwa imara. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona afadhali kuliingiza jando katika sura ya Kikristo kuliko kulifuta. Kwa hiyo anayedai kwamba kuzungumza na vijana juu ya mwili ni jambo lililoletwa na vitabu vya kigeni anawasahau babu na bibi zake mwenyewe.

Ngoma hizo zina somo jingine linalohusu fasihi moja kwa moja. Miongoni mwa vinyago vya Wamakonde kimo kinyago cha kiwiliwili, kilichochongwa kwa mfano wa kifua na tumbo la mwanamke mjamzito, na anayekivaa na kucheza nacho ni mwanamume. Watazamaji wanajua vema aliye nyuma ya ubao. Wanajua pia kwamba sanaa humpa mtu ruhusa ya kuyavaa maisha ya mwenzake kwa muda, ili wote waliozunguka uwanja wayaone. Riwaya hufanya kazi hiyohiyo. Anayesoma habari za mwizi hafundishwi kuiba, na anayesoma habari za kijana asiyefanana naye haamriwi kufanana naye. Anakopeshwa macho ya mtu mwingine, kisha anayarudisha akiwa anajua zaidi.

Historia ya kitabu cha Kiswahili inaonyesha jinsi hukumu ya haraka inavyoweza kukosea. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyekuwa ametoka tu chuo kikuu, alichapisha Rosa Mistika. Riwaya hiyo inamfuata msichana aliyelelewa kwa ukali wa kupindukia, akatoka nyumbani kwenda shule bila kufundishwa chochote juu ya wanaume, na mwisho wake ukawa msiba. Kwa sababu ya kuzungumzia mapenzi waziwazi, ilizuiwa shuleni kwa muda. Baadaye iliingia katika orodha ya vitabu vya kusomwa, na hadithi yake inabaki onyo kwa wazazi juu ya hatari ya ukimya.

Vitabu vingine vya shule vimepita katika mlango huo. Kilio Chetu, tamthiliya iliyotolewa na Medical Aid Foundation, inawaonyesha vijana walioangamizwa na UKIMWI huku wazazi wakiona haya kuwaeleza. Orodha ya Steve Reynolds inarudia onyo hilo kupitia msichana Furaha. Takadini ya Ben Hanson ina mama anayekimbia na mtoto wake mwenye ualbino, kwa sababu mila za kijiji haziwezi kumvumilia mtoto aliyezaliwa tofauti na wenzake. Maelfu ya wanafunzi wa sekondari wamevisoma vitabu hivi na kuviandikia majibu ya mtihani. Shule za Tanzania, basi, zimekwishakubali mambo mawili: kwamba kijana anaweza kusoma juu ya mapenzi, na kwamba kumhurumia aliye tofauti ni sehemu ya elimu.

Mpaka uliwekwa kwingine. Mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupigwa marufuku shuleni kwa vitabu 16 vilivyoelezwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili, mila na desturi. Miongoni mwake vilikuwemo vitabu vya Diary of a Wimpy Kid vya Mmarekani Jeff Kinney, vinavyosimulia vituko vya mvulana wa shule na familia yake. Serikali ina wajibu wa kuchagua vitabu vya darasani, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasoma nini. Hata hivyo, anayevilaani au kuvitetea vitabu hivyo bila kuvifungua, hukumu yake ina upungufu mkubwa. Ubishi juu ya vitabu vya vijana haupo Tanzania peke yake. Nchini Marekani, kitabu cha Maia Kobabe kiitwacho Gender Queer, kumbukumbu za mtu asiyejiona mwanamume wala mwanamke, kiliongoza orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi kwenye maktaba mwaka 2021, 2022 na 2023.

Afrika Mashariki ina maandishi yake juu ya mada hii. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi fupi Jambula Tree, inayohusu wasichana wawili majirani waliopendana na uchungu wa kutenganishwa kwao. Wanuri Kahiu wa Kenya aliichukua hadithi hiyo akatengeneza filamu Rafiki mwaka 2018. Filamu ilipigwa marufuku Kenya, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Diriye Osman, Msomali aliyekulia Nairobi, alichapisha hadithi zake mwaka 2013 katika Fairytales for Lost Children. Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alijieleza hadharani Januari 2014 kuwa anavutiwa na wanaume, katika insha iliyoandikwa kama maneno ambayo hakuwahi kumwambia mama yake. Maandishi haya yote ni ya Kiingereza. Kijana aliyesoma shule ya msingi Chiungutwa kwa Kiswahili anasikia tu kelele za ubishi juu yake.

Kitabu kilichokaribia zaidi kumfikia ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yusuf ana umri wa miaka 12 anapotolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kulipia deni, na miongoni mwa hatari za safari yake ni wanaume wenye nguvu wanaowatamani watoto. Gurnah anaandika jambo hilo kama sehemu ya utumwa: aliye na mali hummiliki asiye nayo. Msomaji makini anajifunza hapo kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku vibarazani. Mtu mzima anayemwinda mtoto ni mhalifu, awe anawinda wavulana au wasichana. Watu wazima wawili wanaopendana ni habari nyingine. Anayeyaweka mambo haya katika kapu moja hamlindi mtoto, kwa kuwa macho yake yanamtafuta mkosaji mahali pasipo pake.

Lugha nayo inadai uangalifu. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike wa karibu. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume huwa tusi. Hanithi, basha na msagaji ni maneno yaliyobeba hukumu kabla sentensi haijaisha, na “mapenzi ya jinsia moja” ni maneno ya semina. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumchora kijana wa namna hii kama mtu mwenye jina, mwenye mama, mwenye hofu ya mtihani wa kidato cha nne, anakosa neno la kumwitia lisilomchoma. Kulipata neno hilo ni kazi ya fasihi.

Vizuizi vipo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu kujamiiana kinyume na maumbile na chenye asili yake katika sheria za Waingereza, kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufika maisha. Kinachoadhibiwa hapo ni kitendo; kusimulia maisha ya mtu ni jambo jingine, lakini hofu yake inamfikia mchapishaji. Umaskini wa vitabu nao unazuia. Katika vijiji vya Masasi na Newala fedha za familia huja na minada ya korosho mwishoni mwa mwaka, na Januari zinadaiwa na sare na madaftari. Kitabu cha hadithi hungoja. Hata Tuzo ya Burt, iliyoanza mwaka 2008 kwa ajili ya vitabu vya vijana Tanzania, ilianza na vitabu vya Kiingereza. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imefungua mlango kwa Kiswahili.

Maoni ya msomaji yanayofaa kuchapishwa yana sifa tatu. Msomaji amekisoma kitabu chote. Anataja alichokiona humo, mhusika na tendo, badala ya uvumi. Na anaeleza kitabu kimemfanyia nini kijana anayekisoma: kimemkomaza au kimemdanganya, kimemfundisha utu au kimemfundisha dharau. Vipo vitabu vya mada hii vilivyoandikwa vibaya, vinavyohubiri badala ya kusimulia, na msomaji ana haki ya kuvikataa kwa sababu hiyo. Vipo vingine vinavyoweza kumzuia kijana mmoja asijidhuru, kwa kumwonyesha kwamba hayuko peke yake.

Mwalimu, mzazi, na kijana mwenyewe wanaombwa wayasome maoni ya toleo hili kwa kipimo hicho, wavitafute vitabu vinavyotajwa, wavimalize, ndipo watoe hukumu.