Ukitoka, Mwachie Mwenzio Mlango

Mwenzio niko huku huku Ikungi, upepo wa Singida unanipiga, na wiki hii nakuletea aibu yangu mwenyewe.

Kikundi chetu cha vijana kilikuwa kinaandika andiko la kuomba mkopo wa mashine ya kukamulia alizeti. Tuliliandikia kwenye intaneti, katika ukurasa nilioutengeneza mimi kwa mbwembwe zote. Nikaweka na kufuli: mmoja akifungua faili, wengine tunangoja, tusije tukafutiana. Akimaliza anabonyeza "Toka", kufuli linaachia. Mwisho wa kupeleka ulikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri.

Saa sita mhasibu wetu akafungua faili kwa simu, akaanza kurekebisha bajeti. Mara basi la Dodoma hilo! Simu mfukoni, akadandia. Huku nyuma tukabaki na maandishi mekundu: "Faili linatumika." Tukipiga, hapatikani, chaji imekata. Saa nane, bado linatumika. Jamani, kasheshe!

Ndipo nikakumbuka choo cha nyumba tuliyopanga. Wapangaji sita, mlango mmoja. Ukikuta umerudishwa, utangoja mpaka kesho? Thubutu! Unakohoa. Aliyemo naye anakohoa. Kimya kikizidi, unasukuma.

Kosa langu lilikuwa hilo: nilitegemea mtu aage. Watu hawaagi, bwana. Umeme unakatika, chaji inaisha, simu inafunga ukurasa bila neno. Kufuli la maana halingoji kwaheri, linasikiliza kikohozi. Ukurasa ukiwa wazi unatuma ishara kwa seva kila baada ya muda mfupi. Ishara zikikoma, kufuli linaachia lenyewe. WordPress, toleo la 3.6 la Agosti 2013, lilikuja na mtindo huo: kimya kikizidi, mwingine anaingia.

Basi nikavunja kufuli kwa mkono, tukaandika bajeti upya mbio mbio. Kumbe mhasibu kapata chaji njiani! Simu ikaamka, ikatuma bajeti yake ya nusu nusu juu ya yetu. Sisi bila kukagua, tukabonyeza "Tuma". Likaenda hivyo hivyo. Mkopo tukausikia kwa jirani.

Kwa hiyo kukohoa peke yake hakutoshi. Kila mtu anapohifadhi, seva imuulize kwanza: kufuli bado ni lako? Kama si lako, ulichoandika kiwekwe pembeni, kisimfute mwenzio.

Sasa nimerekebisha yote mawili. Mhasibu nilimnunia wiki nzima, kumbe wa kununiwa ni mimi niliyejenga mlango usiojua kama ndani kuna mtu.

Haya, wiki ijayo tena. Na simu yako ichaji kabla ya safari!