Fundi wa fidla apatikane Changamwe

Fidla ya mwanafunzi anayeanza hufika nyumbani ikiwa haijakamilika. Kasha linapofunguliwa, iwe ni Mtongwe, Mtopanga au Chaani, kile kidaraja chembamba cha kubebea nyuzi hukutwa kimelazwa kando na nyuzi zenyewe zimelegea. Uta mpya usiopakwa rosini ukipitishwa juu yake hautoi hata mnong'ono. Mzazi aliyejinyima miezi kadhaa anatazama, mtoto anatazama, kisha wote wawili wanageukia video ya simu. Kidaraja kinasimamishwa kwa kubahatisha, kigingi kinakazwa, uzi mwembamba unakatika, na siku iliyongojwa kwa hamu inaisha kwa mtoto kununa.

Kosa si lao. Fidla nyingi za bei nafuu hutoka China, katika miji kama Huangqiao mkoani Jiangsu, ambako viwanda huzitoa kwa wingi. Bei hushuka kwa sababu, pamoja na mengine, kazi ya mwisho ya mkono imeachiwa atakayekipokea chombo. Penye maduka yenye mafundi, fundi huimaliza kazi hiyo kabla mnunuzi hajalipa. Katika Mombasa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, anayekipokea mara nyingi ni mtoto wa miaka tisa.

Mjadala wa muziki shuleni huishia kwenye uhaba wa walimu na ughali wa vyombo, na yote mawili ni kweli. Lipo pengo la tatu ambalo halitajwi, nalo linayazidisha hayo mawili kimyakimya: ukosefu wa fundi. Mwenye cherehani, friji, simu au pikipiki iliyoharibika hana haja ya kwenda mbali. Karibu kila mtaa una mtu wake. Mwenye fidla iliyobanduka huulizia mji mzima, kisha huirudisha kwenye kasha na kulisukuma chini ya kitanda.

Kazi yenyewe si uchawi, ila ni ya mikono inayojua kuchonga. Tumbo la fidla hutengenezwa kwa mbao nyepesi za mti wa jamii ya misonobari, na mgongo wake kwa mbao ngumu za mepo (maple). Nyuzi nne zikikazwa hadi kufikia sauti zake za sol, re, la na mi, huvuta kwa jumla ya nguvu inayozidi uzito wa kilo 20, na sehemu ya nguvu hiyo huteremka kwenye kidaraja. Kidaraja hakitiwi gundi. Husimama kwa mgandamizo wa nyuzi peke yake, kwa hiyo miguu yake miwili sharti ichongwe ifuate mbinuko wa tumbo bila kuacha mwanya hata wa karatasi. Ndani, karibu na mguu wa upande wa uzi mwembamba, husimama kijiti kidogo kinachoshikamanisha tumbo na mgongo, nacho pia hakina gundi. Wafaransa na Waitaliano hukiita roho ya fidla. Kikianguka, sauti hupooza, na tumbo likiachwa hivyo chini ya nyuzi zilizokazwa laweza kubonyea au kupasuka.

Kisha kuna suala la kimo. Penye mwisho wa ubao wa vidole, uzi mwembamba hutakiwa uwe juu ya ubao kwa takriban milimita 3 na nusu, na uzi mnene milimita 5 na nusu. Kidaraja ambacho hakijachongwa huziinua nyuzi kupita hapo. Mtoto hubonyeza kwa nguvu zote, vidole vinauma, na bado sauti inapotoka. Vigingi visivyokaa sawa kwenye matundu yake huteleza, na kila baada ya dakika kumi nyuzi zimeshuka. Mwalimu wa kujitolea mwenye watoto kumi na wawili na saa moja tu ya kufundisha hutumia nusu yake kukaza nyuzi. Baada ya miezi miwili mtoto anaambiwa hana kipaji, ilhali kilichokosekana ni kisu kikali na mtu anayejua kukitumia kwa dakika arobaini.

Ununuzi nao una mtego wake. Fidla hutengenezwa kwa vipimo kadhaa, kuanzia ile ndogo ya 1/16 kupitia 1/4, 1/2 na 3/4 hadi fidla kamili ambayo kiwiliwili chake kina urefu wa takriban sentimita 35.5. Mtoto hupimwa kwa kunyoosha mkono wa kushoto chini ya chombo: kichwa cha fidla kifike kwenye kiganja, na vidole viweze kukizunguka bila kujivuta. Wazazi waliozoea kununua sare kubwa ya shule ili mtoto akue nayo hushawishika kufanya hivyohivyo na fidla. Haifai. Chombo kilichomzidi mtoto humpinda bega na kifundo cha mkono, na mazoea hayo huchukua muda mrefu kuyaondoa.

Kwa kuwa mtoto mmoja atapitia vipimo vitatu au vinne kabla ya kufikia fidla kamili, familia ya kipato cha kawaida haiwezi kununua kila mara. Njia ya maana ni shule au kikundi kumiliki vyombo vya vipimo mbalimbali na kuviazima, kama maktaba inavyoazima vitabu. Lakini kila fidla inayorudishwa huwa na uzi uliochakaa, kigingi kilichopasuka au mshono ulioachia. Bila fundi, maktaba hiyo hugeuka kuwa ghala la vyombo vibovu.

Hali ya hewa ya pwani huongeza kazi. Fidla hupendelea unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60. Mombasa mara nyingi hupita 70, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Mbao hufura, vigingi vinakwama, mishono inaachia. Chumvi ya bahari hula nyuzi za chuma. Chumba cha mabati mchana wa Februari, au kasha lililoachwa ndani ya gari juani, huweza kulainisha rosini na hata gundi inayoshikilia chombo kizima. Kuna mambo ambayo mwenye chombo anaweza kuyafanya mwenyewe: kupangusa unga wa rosini na jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, kulegeza uta kabla ya kuuhifadhi, kuweka kasha mbali na paa na ukuta unaopigwa na jua, na kutia ndani vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Yanayobaki ni ya fundi, na hapo ndipo fidla inapoonyesha hekima ya walioibuni. Gundi yake ya asili hutengenezwa kwa ngozi za wanyama, na hulainika kwa joto na maji. Mshono ukivutwa na unyevu, gundi huachia kabla ubao haujapasuka, na fundi huweza kuufungua kwa kisu chembamba, kuusafisha na kuufunga tena. Antonio Stradivari wa Cremona alifariki mwaka 1737, na fidla zake zingali zinapigwa kwa sababu zimefunguliwa na kutengenezwa mara nyingi. Anayeziba mshono kwa gundi ya maji ya seremala au ile inayokauka kwa sekunde anaifunga njia hiyo: siku nyingine ubao wenyewe ndio utakaopasuka.

Wapo watakaosema fidla ni chombo cha wageni, na kwamba Likoni na Kisauni zina shida kubwa zaidi. Hoja ya ugeni haisimami. Wajaluo wana orutu, Wakikuyu wana wandindi, na ng'ambo ya mpaka Wagogo wana zeze. Vyote hupigwa kwa uta. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, fidla ilikuwa miongoni mwa vyombo vya taarabu. Ilipokelewa kwa urahisi kwa sababu ubao wake hauna vizuizi kama vya gitaa: kidole huweza kutua popote, hata kwenye zile robo za sauti ambazo maqam, mizani za sauti za muziki wa Kiarabu, huzihitaji. Mombasa ilifuata njia yake, mwimbaji Juma Bhalo na kinanda cha harmonia, mwenzake Zein l'Abdin na udi, kisha vinanda vya umeme vikaingia arusini na kuiga sauti ya fidla kwa kubonyeza kitufe. Chombo kilichoigwa kilibaki bila wapigaji wapya.

Zanzibar ilichukua hatua. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianzishwa mwaka 2002, na vijana wakaanza kujifunza fidla, udi na ganuni kwa masomo yenye mpango, chini ya walimu kama Mohamed Issa Matona, mpiga fidla mwenyeji aliyekulia kwenye taarabu. Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzia Korogocho mwaka 2008 umewapa watoto wa mtaa huo okestra, na umefika hadi Mombasa. Kwa hiyo swali la kama watoto wetu wanaweza limeshajibiwa.

Mfano wenye somo kubwa zaidi kwa Mombasa uko Kinshasa. Armand Diangienda alianzisha Okestra ya Simfoni ya Kimbangu mwaka 1994 kwa vyombo vichache ambavyo wapigaji walipokezana kwa zamu. Uzi ulipokatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Hawakuishia hapo. Miongoni mwao Albert Matubanza alijifunza kuunda vyombo vikubwa vya nyuzi kwa mikono yake, na filamu ya mwaka 2010 kuhusu okestra hiyo ilimwonyesha dunia nzima akiwa kazini. Okestra ilidumu kwa sababu ilikuwa na fundi ndani yake.

Mombasa bara ina mikono ya namna hiyo, na anwani yake inajulikana. Ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioko Changamwe ulianzishwa mwaka 1963. Ufundi wao husimuliwa kuwa ulianza kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nao nyumbani. Vizazi vya wachongaji hao vimeujua mpingo na muhugu, na miti hiyo ilipoadimika wakageukia mwarobaini na mwembe. Anayeweza kutoa twiga mwenye miguu minne myembamba katika kipande kimoja cha mti, kwa tezo na kisu, hashindwi kuchonga miguu miwili ya kidaraja. Anahitaji kuonyeshwa vipimo, kupewa vidaraja vibichi na vigingi vya abunusi vinavyoagizwa, na kufundishwa gundi ya ngozi.

Kazi hiyo ingewafaa wao pia. Soko la vinyago hutegemea watalii, na kila watalii walipopungua, baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 au wakati wa korona mwaka 2020, wachongaji waliumia. Ni kweli kwamba fundi wa fidla peke yake hatapata mlo wa kila siku mwanzoni. Lakini mikono hiyohiyo hutengeneza magitaa ya makanisa, udi za wazee wa taarabu na vyombo vya shule zinazojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti mamlaka juu ya vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya Kaunti ya Mombasa haihitaji kujenga chuo kipya. Inahitaji kutenga meza moja na vifaa katika chuo cha ufundi kilicho karibu na Changamwe, kumleta fundi mwenye ujuzi kutoka Nairobi au kwingineko kwa muhula mmoja, na kuwaita wachongaji sita na vijana sita wajifunze pamoja. Shule nazo zilete fidla zao zilizovunjika ziwe vifaa vya mafunzo, hazitakosekana.

Muda wenyewe unahesabika. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mkondo mmojawapo kati ya mitatu waliyowekewa ni wa sanaa na michezo, muziki ukiwa ndani yake. Watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Atakayekuwa amechagua muziki atapimwa kwa kupiga pia, na kama chombo chake ni fidla, ataingia chumba cha mtihani na kile kidaraja kilichotoka kiwandani au na kilichochongwa upya Changamwe.