Vibao vya barabara ya Kusini navyo vina umri

Ndugu mwandishi, katika makala yako umevisifia vibao vya zamani vya ughaibuni ukairuka barabara ya Kusini! Pale Kibiti, njia ya Mloka inapochepuka, kibao kinachotaja Selous bila Nyerere tayari ni mzee, maana Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilitangazwa 2019. Kinachoiweka Kibiti ndani ya Wilaya ya Rufiji kina umri mkubwa zaidi, ni cha kabla Kibiti haijawa wilaya yenyewe. Ila mimi ningelipa nauli kukiona kibao cha kivuko cha Ndundu, cha kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, enzi mabasi ya Lindi na Mtwara yakisubiri pantoni (Mto Rufiji ukifurika, usiulize). Kama yupo mtu Ikwiriri aliyekifanya mlango wa banda la kuku, nitamnunulia bati jipya tubadilishane.