Munganga Naye Ana Moyo

Juma hili tunaongea juu ya watu tunaowaendea tukiwa na moyo mzito: waganga wanaotunza magonjwa ya akili.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mama mmoja wa chama chetu alienda kumwona munganga aliyezoea kumsikiliza. Siku ile munganga hakumwangalia usoni. Aliandika tu, akasema: «Rudi juma lijalo.» Mama akarudi na hasira, na sisi tukaongeza maneno: «Ni majivuno, ametuchoka!» Nyuma ndipo tukajua. Tangu asubuhi alikuwa amesikiliza wamama wengi, huyu amefiwa, huyu amebakwa, huyu mtoto wake alipotelea njiani. Usiku hakuwa anapata usingizi. Na yeye pia alikuwa amekimbia nyumba yake, kama wengine wetu.

Mwaka 2019, OMS, shirika la afya la dunia, lilieleza uchovu huu wa kazi kwa alama tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kuwa baridi juu ya kazi na watu, na kuona kwamba kazi yako haifai tena kitu. Si uvivu, si majivuno. Inatoka kwa mzigo wa kazi uliodumu bila kupunguzwa.

Na mzigo wa huku tunaujua. Wakimbizi wa 2012, volkano ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakimbizi tena tangu 2022, na vita kuingia Goma mwanzoni mwa 2025. Kila mara munganga alisikiliza msiba wa wengine huku wake ukimungoja nyumbani. Na waganga waliosomea magonjwa ya akili ni wachache sana katika inchi yetu.

Wahenga walisema: mganga hajigangi. Basi sisi tufanye nini?

Ukifika kwake, anza na salamu, umuulize na yeye ameamkaje. Usimufuate nyumbani usiku, isipokuwa kuna hatari, kwa mfano mtu anataka kujiua. Hapo usingoje asubuhi.

Kama ni mume wako ao bibi yako, mwachie saa ya kula na kulala. Usimulazimishe kueleza aliyoyasikia, maana ni siri za watu. Lakini ukiona halali, anakasirikia watoto bila sababu, ao anatafuta usingizi katika pombe, mwambie kwa upole aende kwa munganga mwenzake. Si haya.

Na wakubwa wa kazi, tunawaomba: wapangeni kwa zamu, wapeni likizo ya kweli, na siku ya kukaa pamoja kutua mizigo yao.

Yule mama yetu alirudi. Mbele ya kueleza shida yake, akauliza: «Na wewe, binti yangu, umelala?» Munganga akanyamaza, kisha machozi yakatoka. Juma lililofuata aliomba likizo, na sasa ana mwenzake mjini Goma anayemusikiliza.

Sisi tulipoteza munganga kwa majuma matatu. Tukamupata tena akiwa muzima. Tusingojee mwingine aanguke ndipo tumuulize.

Tuonane juma lijalo.